Dagaa Wangu na Mvua ya Kirando

Mume wangu Deo, mjukuu wangu,

Huku Mollo tu wazima, na ulezi umekubali mpaka babu yako anaimba shambani! Unaniuliza kama ni vibaya kumwogopa mwenzako wa chumbani anaposali kwa Kiarabu, tangu ulipowaona kwenye simu wale wauaji wenye bunduki wakipiga kelele, "Allahu akbar!"

Ngoja nikwambie! Usichanani nilishuka Kirando, kule ziwani, kununua dagaa, nikawaanika mchangani. Mara radi ikapiga. Bi Zuhura, mwenyeji wangu, akapaza sauti, "Allahu akbar!" huyo, mbio! Kwao mvua ikija, dagaa wa mgeni huanuliwa kwanza. Wangu wakapona, wake wakalowa chapachapa. Nikalia. Yeye akacheka: "Sasa wewe mtoto, ungerudi kwa mama yako mikono mitupu?"

Deo, hayo maneno "Allahu akbar" mimi niliyasikia kwanza kwa mtu aliyekumbatia dagaa wangu kwenye mvua! Wale wa bunduki wameyapora tu, si yao. Leo mwenzako akimaliza kusali, songa ugali umkaribishe. Dagaa niliowafunga na barua hii wanawatosha nyote wawili.

Bibi yako anayekupenda