Baraza Likiisha, Tembea

Mjukuu wangu Wakesho,

Sisi huku Ndara tuko salama. Mvua imenyesha, na babu yako anapalilia kunde huku akilalamikia mgongo.

Unasema wewe na wahandisi wenzako mlifanya baraza Voi kuhusu kupanua barabara kuu, watu wote wakapiga makofi, na sasa mpango unapelekwa kuombewa pesa. Unaniuliza kama makofi hayo yanatosha.

Nilipokuwa nimeolewa juzi tu, barabara yetu hii ilipangwa vivyo hivyo. Mama mkwe wangu alipiga makofi kuliko wote. Baraza lilipoisha, gari la mhandisi aliyeleta mpango lilikataa kuwaka, ikabidi atembee nasi. Tulipofika bondeni, mama mkwe akasimama.

"Hapa ndipo ng'ombe wetu wanapovuka kwenda kunywa maji. Mkijaza udongo, watapita wapi?"

"Mbona hukusema barazani, mama?" mhandisi akamuuliza.

"Nikuaibishe mbele ya chifu, na wewe ni mgeni?"

Mhandisi alicheka sana. Kwa kuwa pesa zilikuwa bado hazijaombwa, alichora daraja dogo palepale. Ndilo lile ulilokuwa ukipitisha ndama chini yake kila likizo.

Makofi ni adabu tu, mjukuu wangu. Rudi Voi kabla mpango haujaondoka, ita watu tena, halafu baraza likiisha gari lako litangulie. Wewe rudi na akina mama kwa miguu.

Na hivyo viatu vya kisigino uviache Nairobi.

Nyanya yako,
Mghoi