Muulize Yona Amelala Wapi

Kelly wee, Frida kaumbuka! Kaumbuka vibaya!

Alikuwa anawasomea wanafunzi wa Rusimbi kitabu chake cha mzimu wa mtoto aliyezama ziwani. Si unajua hata jina hakubadilisha? Yona yule yule wa Mwamgongo, ambaye mwili wake haukupatikana.

Kumbe mama Yona kapanda boti asubuhi, kaja kukaa nyuma kabisa ya darasa.

Akasimama. "Binti yangu, kama Yona anaongea na wewe, muulize amelala wapi, tumzike."

Muulize amelala wapi! Kelly!

Frida anababaika: "Mama, ni hadithi tu, nimetunga."

"Na jina lake umelitunga?"

Mama wa watu akapiga magoti, akamshika Frida miguu, analia.

Wanafunzi wakapiga makofi. Walidhani ni igizo.

Na Frida akawainamia, akawashukuru.