Mpaka Kizazi cha Kumi

Jumapili, 2 Machi

Samahani, daftari langu. Tangu Bosi azaliwe sijakugusa, ila siku ile nilipokusukuma chini ya mguu wa cherehani uache kucheza. Jalada limechubuka. Tusameheane. Bosi ana miezi mitano, jino moja na huruma hana kabisa. Baba yake alikwenda kununua vocha. Mpaka leo hajapata mtandao.

Leo baada ya ibada nilienda kumwandikisha. Jumapili ijayo watoto wanapelekwa mbele kubarikiwa. Katibu hakuinua hata macho. Wa nje ya ndoa anaombewa ofisini, siku ya kazi. Ofisini! Kati ya viti vilivyovunjika na spika iliyokufa, bila hata wimbo mmoja. Nikauliza hiyo ni kanuni ya nani. Akacheka kwa adabu: si umuulize mzee wa kanisa, dada, wewe ndiye unayempikia.

Mzee wa kanisa ni Baba.

Hakupandisha sauti. Baba hapandishi. Torati imesema mwana haramu asiingie kwenye mkutano wa Bwana, hata kizazi cha kumi. Nikamtazama Bosi, amelala mdomo wazi, mguu mmoja nje ya shuka. Kizazi cha kumi! Jino ni moja tu, tayari ana vilembwe waliofungiwa mlango.

Jumatatu, 3 Machi

Baba husoma sura moja kila asubuhi kabla ya chai. Anafuata mstari, harudii, haruki hata orodha za majina. Ndivyo alivyotulea, chai ikipoa tunamwangalia. Leo ameanza Ruthu. Mjane wa Kimoabi anamng'ang'ania mama mkwe wake, hataki kubaki kwao.

Alipotoka nilifungua ule mstari wake wa jana. Chini yake, pua na mdomo, upo mwingine: Mmoabi naye asiingie, hata kizazi cha kumi. Mlango mmoja, bawabu mmoja. Mwanangu na Ruthu wamesimama nje pamoja!

Nimenyamaza. Ruthu ina sura nne. Nitasubiri.

Jumanne, 4 Machi

Sikusubiri.

Ruthu alikuwa bado anaokota masazo shambani, mimi nikaropoka. Baba, mbona Isaya anamwambia mgeni asijisemee kwamba Bwana amemtenga? Na towashi pia, ambaye Torati inamfungia palepale, mstari mmoja juu ya ule wa Bosi? Isaya si aliujua ule ukurasa?

Baba akakoroga chai. Aliujua, akasema. Na Ezra je?

Ezra! Naye aliishika sheria ileile, akawatoa wake wa kigeni. Pamoja na watoto wao. Nilikuwa nimesahau hao watoto. Bosi akanitemea uji begani kumalizia.

Nimeshinda kwenye cherehani nikiwaza. Sketi ya mteja wa leo ilishonwa na mwingine zamani, matundu ya sindano yake bado yanaonekana. Sasa hao wawili wameletewa kitambaa kimoja: Ezra akabana, Isaya akaachia. Hakuna aliyeleta kitambaa kipya, na matundu ya zamani hakuna aliyeyaficha. Kwa hiyo Baba hajadanganya. Hilo ndilo linaloniudhi. Lakini huwezi kuachia nguo isiyo na pindo. Aliyekata mwanzo aliacha pindo pana, na fundi hapotezi kitambaa bure.

Jioni nikamwambia: Baba, umekuwa Ezra. Akasema mimi si Ezra, mwanangu. Basi ni nani? Mimi ni mzee wa kanisa, na katibu anamwangalia binti yangu kuliko anavyomwangalia binti yeyote mwingine. Akaenda kuoga. Ukweli umemtoka kama kikohozi.

Jumatano, 5 Machi

Sura ya tatu. Ruthu anaenda kulala miguuni pa Boazi kwenye uwanja wa kupuria. Baba kaisoma mbio mbio kama mtu anayevuka barabara kuu. Sikucheka. Bosi ndiye aliyecheka.

Jino la pili!

Alhamisi, 6 Machi

Wazee wa mji wamekaa langoni. Boazi anamwoa Mmoabi wake. Na wazee — wazee, daftari langu! — wanambariki: nyumba yako iwe kama ya Peresi, ambaye Tamari alimzalia Yuda.

Nikauliza kwa upole. Baba, Tamari alikuwa mke wa Yuda?

— Unajua vizuri.

— Nimesahau, Baba. Uzazi unasahaulisha.

Akapuliza chai. Kisha: alikuwa mkwewe.

— Ahaa. Kwa hiyo Peresi angeombewa ofisini.

— Usinichokoze nina chai mkononi.

Akaendelea na majina, maana Baba haruki. Peresi, akakunja kidole gumba. Sijui kama alijua anakunja. Hesroni, Ramu… Mkono wa kwanza ukaisha, akaweka kikombe chini. Boazi. Obedi. Yese. Daudi akaangukia kidole cha mwisho. Mfalme mzima, kizazi cha kumi kamili, na mama wa babu yake ni Mmoabi! Baba akakaa anatazama ngumi zake mbili kana kwamba ni za mtu mwingine.

Chai imepoa, akasema.

Hajasema ndiyo.

Ijumaa, 7 Machi

Ilikuwa zamu ya kuanza Samweli. Baba kairudia sura ya jana. Baba, asiyerudia!

Halafu akauliza, macho dirishani, kama huyo mtoto ana nguo. Ya kwenda wapi, Baba? Akatafuta kofia iliyokuwa kichwani. Mlangoni akasema Jumapili anayepokea watoto mbele ni yeye. Nikinyoosha mikono, nimenyoosha. Nisiponyoosha, usinililie mbele za watu.

— Silii, Baba. Ila mbele nakuja.

Nimempigia katibu. Hajaambiwa lolote. Bosi bado ni wa ofisini, Jumatatu, baada ya fundi wa spika.

Nampigia dada yangu sasa hivi, alete kwa basi la kesho asubuhi: gauni la harusi la marehemu Mama, asilikate, pindo nitalifungua mwenyewe nimshonee Bosi. Uzi mweupe, si wa rangi ya maziwa. Vifungo vidogo vinne. Lastiki nyembamba ya mikono. Soksi za Bosi, zisizobana. Na aje yeye mwenyewe, maana pale mbele mama hamkabidhi mwanawe, anakabidhi ndugu. Avae viatu vya chini. Huenda tukasimama muda mrefu.