Kalamu ya Wagonjwa

Mpumudde, Jinja

Kwako Baba,

Pokea salamu, wewe na Mama na nyumba nzima ya Malukhu. Mgongo wako umepoa? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio wenye homa. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Tangu askari wapige hodi kwa lugha hii wakamchukua ndugu yangu Kuloba, Mama hataki kuisikia, wala hatakuomba umsomee.

Baba, Wamono yuko hapa. Ndiyo, yule yule aliyetahiriwa pamoja na Kuloba siku ile ile, akala kwetu mpaka kidonda kikapona, kisha akaja kuwaonyesha askari mlango wetu. Vita vimekwisha, wale askari wameshindwa, naye ameletwa gerezani kwetu, katika bweni ninalolilinda mimi. Kila asubuhi wafungwa huchuchumaa, nawahesabu, kisha naandika majina ya wagonjwa wa kupelekwa hospitali. Asiyeandikwa haendi.

Juzi aliamka anatetemeka kwa homa. Sikumwandika. Jana hakuweza hata kuchuchumaa, wenzake walimshika mabega. Alinitazama, akanijua. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na sikumwandika. Sikumpiga, Baba, wala sikumnyima maji. Nilimwacha tu.

Hapo neno lako likanirudia. Kwenye matanga ulisimama na Biblia ukasema Mungu hakumuua Kuloba, aliruhusu tu, na kwamba ana makusudi yake, kama Yusufu alipouzwa na ndugu zake. Mama aliinuka akaenda jikoni. Mimi niliitikia amina, ingawa nilikukasirikia hadi meno yakauma. Sasa nami nimekuwa mtu wa kuruhusu. Nilijiambia: Mungu akitaka Wamono apone, atapona bila kalamu yangu, akifa, ndivyo ilivyopangwa. Tazama nilivyojificha vizuri nyuma ya mahubiri yako!

Leo asubuhi akapita sajenti wetu, mtu wa kaskazini.

"Wewe, huyu mtu iko mgonjwa sana. Jina yake iko wapi?"

"Mungu anajua, afande."

"Mungu hapana shika kalamu hapa. Ni wewe nashika."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikaandika. Wamembeba kwa machela, na kama atapona sijui. Sijamsamehe, tafadhali usiende kutangaza kanisani kwamba nimemsamehe. Ila ninaogopa, Baba, kwa sababu siku mbili zile nililala vizuri.

Jioni hii nimemsoma Yusufu upya, nikitafuta kosa lako, maana mtoto wa mhubiri haishiwi ubishi. Nimeliona. Kwamba Mungu aligeuza ubaya kuwa wema, aliyesema ni Yusufu mwenyewe, yeye aliyetupwa shimoni, na alikuwa hai, ameshiba. Yakobo hakusema hivyo. Yakobo, baba mtu, alirarua nguo zake akakataa kufarijiwa, na sikuona mahali Mungu alipomkemea. Ninaamini bado kwamba Mungu anatawala. Lakini wewe ulisimama mahali pa Yakobo ukasema maneno ya Yusufu, na Kuloba hayupo kutuambia kama yeye angeyasema.

Nisalimie shangazi anayekutunzia kuku, na dada yangu mdogo, mwambie nguo yake ya shule ninaitafuta. Msalimie sana jirani yetu Hajati, muuza vitambaa, aliyetuletea chai siku zote za matanga bila kutueleza chochote kuhusu Mungu.

Halafu mwite Mama akae karibu nawe. Msomee barua hii kwa Lumasaba, lugha yetu ya nyumbani, taratibu. Ukifika kwa Yakobo, usiendelee. Lia naye.

Ni mimi mwanao wa kiume uliyebaki naye,
Mafabi