Maneno ya Kumwitia Mtu

Tomsk, 14 Juni

Mpendwa Rodion Kuzmich,

Salamu nyingi kutoka kwa Taisia wako. Mimi ni mzima, nakula vizuri, wala sijakonda kama Mama anavyowatangazia majirani. Nanyi je? Mgongo wako umepata nafuu? Usibebe magunia ya viazi peke yako. Mama akikutuma, jifanye hujasikia.

Habari kubwa ni hii: nimefaulu! Baraza zima la chuo, lililonisikiliza nikitetea tasnifu yangu, limenipigia kura ya ndiyo. Sasa mimi ni msomi wa lugha mwenye shahada ya juu, na bado supu ya kabichi inanishinda. Miaka yote umeniuliza nasoma nini hasa, nami nakuzungusha. Nimechunguza maneno yetu yanayotaja watu: jirani, mkwe, mchapakazi, mzembe. Neno la namna hiyo halisemi tu mtu ni nani. Linampima, na linamwambia anapaswa kuwa nani. Ukimwambia mwanamume kwamba yeye ni baba, mara nyingi humpi habari, unamkumbusha wajibu.

Profesa Veniamin Lvovich, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kunipinga, alinibana kwenye "baba wa kambo". Alisema karibu mifano yangu yote ya neno hilo ni ya ubaridi. Je, naweza kulitetea? Nikamjibu kwamba ubaridi huo umetiwa na watu, na watu wanaweza kuutoa. Namjua mmoja, nikasema, aliyenivuta kwa sleji, kile kigari cha kuteleza thelujini, hadi shuleni asubuhi za baridi kali, akiimba vibaya njia nzima. Ukumbi ukacheka. Profesa akasema huo si ushahidi wa kisayansi, lakini akaketi.

Kuna jambo sijakuambia. Mwanzoni kabisa mwenyekiti alinitambulisha kwa karatasi za zamani: Taisia Eduardovna. Yaani binti wa Eduard, yule aliyetuacha kabla sijaota meno, nami nimelibeba jina lake kila mahali, maana kwetu mtu mzima hatajwi kwa heshima bila jina la baba. Katibu wa baraza alikuwa ameshanionya mlangoni: "Wee binti, nyamaza tu! Karatasi zikipishana na pasipoti, watakuahirisha hadi vuli." Nilisimama hata hivyo, nikasema jina limekosewa.

Ndiyo. Mwezi Machi nilikwenda ofisi ya usajili nikalibadilisha. Sikukuomba ruhusa, kwa sababu ungeniambia niache upuuzi, kisha ungejificha karakanani. Mwenyekiti aliikagua pasipoti, akanong'ona na wenzake, kisha akalisoma upya kwa sauti, jina lako ndani ya langu, ukumbi mzima ukisikia. Hilo linanipa fahari zaidi kuliko shahada yenyewe.

Msalimie sana Mama, aniwekee matango ya chumvi. Nakuja Julai. Nakupenda, Baba. Ndiyo mara ya kwanza naliandika neno hilo kwako, na mkono haukusita.

Ni mimi binti yako,
Taisia Rodionovna