Directeur Mwenye Kufungia Vitabu na Mwalimu Mwenye Kuvitoa

Muzee Cubaka mupendwa,

Niko nakuandikia na moyo umebanwa, unisaidie mbele lundi, ile jumatatu yenye inakuja, ifike, na tafazali jina langu uliache pembeni, juu niko mutu wa cheo, niko directeur wa masomo moja ya primaire, shule ya watoto wadogo, hapa Ndosho katika Goma, na kama walimu wangu watajua kama naomba shauri ku gazeti watanicheka mupaka likizo.

Jambo liko hivi, muzee. Mwaka iliyopita tulipata vitabu vya kusoma, vipya, vyenye picha za rangi, vilikuja ndani ya makartoni, na mimi kwa mikono yangu nikavipanga katika kabati ya chuma ndani ya biro yangu nikafunga na kadenasi, na funguo nikaifunga ku mukaba, juu wewe unajua vumbi ya hapa kwetu, ile nyeusi ya volkano yenye inaingia hata ndani ya sosi, na unajua mikono ya watoto, na tangu vita ilituletea watoto wa Masisi na Sake madarasa yamejaa, ku benchi wanabanana kama samaki ndogo za sambaza ndani ya bassin, nikajisemea nikitoa hivi vitabu havitamaliza hata trimestre moja. Na kuko jambo lingine: directeur mwenye alikuwa hapa mbele yangu alifukuzwa kazi juu ya mabenchi, watu wenye kukimbia vita walilala ku masomo, baridi ikawashika, wakachoma mabenchi wakapikia, na yeye hakuwa hata hapo, lakini wakubwa wakamwambia vitu vya masomo viko juu ya kichwa chako. Mimi niliona ile kwa macho, muzee, nikaapa kama kwangu hakuna kitu kitapotea.

Basi madame Emerance, mwalimu wa mwaka ya tatu, mutu wa Rutshuru, muke mufupi mwenye sauti kubwa, kila juma anakuja kugonga ku mulango yangu, «Directeur, naomba vitabu», na mimi namujibu, «Madame, andika ku tableau, watoto wakopi, sisi wote tulisoma vile», naye anasema, «Directeur, wanakopi kama vile mutu anachora mbuzi, hawajui hata kama ni maneno», nikamwambia avumilie, inspecteur akikuja tutavitoa. Na kweli inspecteur akakuja, na asubuhi ile nikagawa vitabu, kila mutoto na chake, nikawaambia mikono safi, kitabu juu ya benchi, mutu asikunje ukurasa, mutu asifungue ovyo. Inspecteur akaingia mwaka ya tatu akaelekeza kidole kwa kasichana kamoja, Munezero, akamwambia, «Soma, mama.» Yule mutoto akabeba kitabu kama vile padiri anabeba hostia, akaangalia jalada, akaniangalia mimi, akasema, «Directeur alisema tusifungue.» Muzee, inspecteur alicheka mupaka akatoa lunettes akapangusa macho, lakini kisha akamufungulia kitabu yeye mwenyewe, na yule mutoto hakuweza kusoma hata mustari moja, na jirani yake vilevile, na inspecteur hakucheka tena.

Nyuma ya ile nilienda Bukavu ku kilio ya muyomba wangu, nikaacha funguo kwa bibi yangu wa ndoa, Gisèle, juu nilikuwa napanda bato na niliogopa isianguke ndani ya ziwa, kumbe Emerance akaenda kwangu nyumbani, akasalimia muzuri, akaomba funguo, na Gisèle akamupatia! Nikamuuliza, «Gisèle, juu ya nini?» Akanijibu, «Aliomba funguo ya vitabu, haukuniambia kama ni ya paradiso.» Niliporudi nikakuta vitabu vya mwaka ya tatu vyote viko inje, watoto wanavipeleka hata kwao zamu kwa zamu, kimoja kina alama ya mafuta ya mandazi, kingine jalada limetoka. Nikamuandikia demande d'explication vile sheria inaomba, ajieleze juu ya nini alipita juu ya mukubwa wake, na yeye akanirudishia karatasi na maneno mawili tu: «Kuya usikilize.» Ni jibu hii, muzee? Sikuenda. Nikienda ni kama nimeshindwa. Sasa walimu wengine nao wameanza kuomba vitabu, wananisalimia na kacheko, na nimeamua lundi niende kwa gestionnaire, mukubwa mwenye anapangaka walimu, kuomba Emerance ahamishwe, naye amesikia, na masomo moja ya Mabanga imeshamwambia akuje hata kesho. Lakini usingizi hauji, juu nikipita pembeni ya dirisha yake nasikia sauti za watoto, sijui kama ni kusoma ao ni kukariri, na sina ujasiri wa kusimama. Nifanye nini?

Directeur mwenye mawazo mengi, Ndosho

*

Directeur wangu,

Jina lako nimelificha vile uliomba, lakini umenieleza kabati, mukaba, kilio ya Bukavu na bibi mwenye kujibu, kwa hiyo watu wa Ndosho walikujua tayari ku mustari wa tatu. Pole. Anza kuzoea.

Ujue na nani anakuongelesha. Mimi masomo yangu ilikomea mwaka ya ine, na sijaongoza kitu katika hii dunia, hata kuku zangu zinanipita ku mulango kama vile hazinijui. Kwa hiyo usiseme muzee anakufundisha kazi. Nakuambia tu kile bibi yako angekuambia kama ungemuuliza kitu ingine isipokuwa «juu ya nini».

Barua yako niliisoma kwa sauti. Pale pa Munezero nilicheka mupaka chai ikanitoka ku pua. Kisha nikaacha, kama vile inspecteur. Juu yule mutoto hakukosea, directeur. Alikuwa mwanafunzi muzuri kuliko wote. Masomo yako ilikuwa imemufundisha somo moja tu juu ya vitabu, naye alilishika lote: kitabu ni cha directeur, na hakifunguliwi. Akaulizwa, akajibu. Mia kwa mia! Mwenye alianguka mutihani ile siku alikuwa anasimama ku mulango, amevaa mukaba.

Usinune. Woga wako naujua. Mwenzako alibebeshwa mabenchi yenye watu wengine walichoma, ile ilikuwa uonevu, na mutu mwenye ameona moto kwa jirani analala na ndoo ya maji kitandani. Juu ya ile sikucheki. Lakini angalia kile ulifanya na woga wako: uliwapa watoto wakubebee. Wewe ulinde kazi yako, wao wakae bila kusoma. Vitabu vikabaki safi, na watoto nao wakabaki safi vilevile, hakuna herufi hata moja yenye iliwachafua kichwa.

Tena unasema kukopi ku tableau inatosha, «sisi wote tulisoma vile». Papa, mimi ni mumoja wa hao wote. Niangalie!

Na ile kabati yako. Karatasi, giza, na unyevu wa hizi mvua zetu? Ungengoja kidogo tena, ungefungua ukute mende wamefika mwaka ya sita.

Sasa madame Emerance. Yeye alikosea, nasema wazi, asikuje kunishukuru. Kuzunguka kwa bibi ya mukubwa wakati mukubwa yuko ku kilio, ile si adabu, na kama gestionnaire angepita siku ile ni wewe ungepata haya, si yeye. Lakini mutu mwenye anagonga ku mulango kila juma na haifunguke, siku moja atapita ku dirisha, na mwenye mulango naye aulizwe alikuwa anafanya nini ndani.

Halafu demande d'explication! Nyinyi watu wa biro munapenda ile karatasi kuliko mushahara. Ulimuomba ajieleze, akajieleza, maneno mawili, bila kosa, bila kupoteza wino. Wewe ulitaka kurasa mbili zenye kuanza na «nina heshima kubwa». Unasema ni kiburi. Mwenye kiburi anasema niache. Huyu alisema kuya. Alikualika, na wewe mwaliko umeuweka ndani ya droo unaukasirikia.

Unaogopa kama ukienda ni kushindwa. Kushindwa na nani? Watoto wa mwaka ya tatu wakianguka, kila mutu Ndosho atasema yule directeur hafai. Basi wakifaulu sifa nayo ni yako, unataka kukimbilia wapi? Na walimu wengine wanakuomba vitabu, na wewe unakosa usingizi! Kuko wakubwa wa masomo katika hii mukoa wenye kulia juu walimu wao hawaombi hata chaki, wanakuja, wanakaa, wanarudi. Walimu wako wewe wameshikwa na njaa ya kazi, na unatafuta kwangu dawa ya kuwaponesha.

Lundi kwa gestionnaire hauendi. Sikiliza muzuri. Ukimuhamisha Emerance, Mabanga watamupokea na nyimbo, yeye hatapoteza kitu. Mwenye atapoteza ni Munezero, ndio kwanza alikuwa anaanza kufungua. Utamuletea mwalimu mupya mwenye atajifunza haraka vile watu wanaishi kwako: unanyamaza, unaandika ku tableau, unangoja inspecteur. Na wale wengine watarudisha mikono ndani ya mifuko. Mukubwa akiazibu mutu mumoja juu ya kazi nzuri, hakuna haja ya mukutano, wote wameelewa.

Fanya hivi. Mbele lundi ifike, muite Emerance ndani ya biro, mulango wazi, umwambie: «Madame, ulipita kwa bibi yangu na ile haikunifurahisha, siku ingine tugombane hapa hapa. Lakini mimi ndiye nilianza kukosea. Ile karatasi naiondoa. Nakuomba ubaki.» Basi. Usiongeze hotuba, usitaje Mungu na nchi, na usikohoe kama mutu anataka kuongeza. Unaogopa walimu watajua kama ulikosea? Wanajua tangu zamani, ni wewe tu ndiye habari ilichelewa kukufikia.

Kisha uite kamati ya wazazi, waone vitabu vyote vyenye viko na wasikie kutoka kinywa chako kama vinatoka, vinaenda mikononi mwa watoto, na vitachakaa. Hivyo siku wakubwa watauliza, haitakuwa kichwa chako peke yake. Mwenzako wa mabenchi alikosa tu watu wa kusimama pembeni yake. Wazazi walete karatasi ya mifuko ya sima, ile ya kahawia, Goma yote inajenga, haiwezi kukosa. Watoto wenyewe wavivike vitabu vyao. Bassin ya maji na sabuni ku mulango wa kila darasa. Mwalimu avichunge ndani ya darasa yake, si wewe. Na vingine vitapasuka. Nakuambia mapema, usije kuniandikia tena na kilio ya jalada. Kile chenye kimepasuka juu ya kusomwa, inspecteur akirudi, umuonyeshe cha kwanza, kifua mbele.

Ukishamaliza, utagundua kama hauna tena kitu cha kulinda ndani ya biro. Muzuri! Toka. Kila juma ingia darasa moja, usiende kukamata mutu, sikiliza tu, na mwisho umuulize mwalimu, «Unakosa nini yenye mimi naweza kukutafutia?» Kisha uitafute. Bati yenye kuvuja, chaki, yule motari wa pikipiki mwenye kupiga klakson chini ya dirisha wakati watoto wanahesabu: enda ugombane na huyo, ile ndiyo kazi yako, na vile nakusikia una nguvu ya kugombana. Mukutano ya walimu ikifika, Emerance aonyeshe wenzake vile anafanya, na wewe ukae kati yao, si mbele.

Mama Gisèle umwambie muzee anamusalimia. Masomo yako iliongozwa muzuri wakati ulikuwa Bukavu.

Lundi, bendera ikisha kupanda, ingia mwaka ya tatu. Kaa ku benchi ya nyuma, magoti yatakufika ku kidevu, vumilia. Watoto watasoma, wengine mbio, wengine kama mutu anapita juu ya mawe bila viatu. Mumoja atakwama ku neno. Darasa nzima itanyamaza, na wewe ulimi utakuwasha kumusaidia.

Meza mate. Mwalimu yuko.

Muzee Cubaka