Picha ya uso wangu

Shoga, nesi ametoka sasa hivi.

Kanipiga picha kidonda hiki cha saratani ili daktari aniongezee dawa ya maumivu, maana ya kuponya hakuna tena. Nikamwambia, mwanangu, nami nione. Akasema, "Mama, una uhakika?"

Una uhakika! Uso wangu mwenyewe!

Kioo mkwe wangu alishakitoa ukutani, eti kimepasuka. Kila asubuhi ananifunga kitambaa usoni, ananiambia, "Mama umependeza."

Shoga, shavu halipo. Meno yanaonekana kwa nje. Nimependeza wapi?

Nimemshukuru Mungu, macho yote mawili ameniachia. Halafu nikalia. Nesi akavua glavu, akanishika mkono. Humu ndani watu wananisalimia wakiwa mlangoni.

Nawe kila wiki unataka kuja, nami nakupiga chenga, leo nimelala, kesho nina wageni. Wageni gani? Nilikuwa naogopa utageuza uso mbele yangu.

Basi picha nesi kanitumia kwenye simu, ndiyo hiyo hapo chini. Kama ni kugeuza uso, geuza huko huko kwako, mimi sioni. Ukimaliza, njoo Jumamosi. Kitambaa sitavaa.